Upokezi wa Raising Sand: Sauti Mbili na Watunzi Waliosahauliwa

Utangulizi

Mnamo tarehe 23 Oktoba 2007, kampuni ya Rounder ya Marekani ilitoa albamu iitwayo Raising Sand. Waimbaji wake ni wawili. Wa kwanza ni Robert Plant, Mwingereza aliyejipatia umaarufu katika kundi la roki la Led Zeppelin kati ya mwaka wa 1968 na 1980. Wa pili ni Alison Krauss, Mmarekani, mwimbaji na mpiga fidla wa blugrasi, yaani ule muziki wa vyombo vya nyuzi ambao umekitwa katika nyimbo za jadi za watu wa milima ya Appalachia. Mtayarishaji wake ni T Bone Burnett. Albamu hiyo ina nyimbo kumi na tatu. Kumi na mbili kati yazo ni za watunzi wengine, na wimbo mmoja uliobaki ni wa Plant na wenzake, nao ulikuwa umekwisha kurekodiwa mwaka wa 1998. Kwa hiyo Raising Sand ni kazi ya uimbaji upya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Makala haya yanachunguza jinsi albamu hiyo ilivyopokewa na wahakiki. Hoja inayotetewa ni kwamba upokezi huo, licha ya ukarimu wake, uliwasikiliza waimbaji zaidi ya ulivyozisikiliza nyimbo. Wahakiki walieleza kwa kina namna sauti mbili zisizofanana zilivyokutana. Ni mara chache walipouliza nyimbo hizo zilikuwa za nani, zilichaguliwa kwa misingi gani, na maana zake zilibadilika vipi zilipohamia katika vinywa vingine. Pengo hilo si dogo. Mhakiki anapompuuza mtunzi wa kwanza, anashindwa pia kuipima kazi ya mwimbaji wa pili, kwa kuwa hana cha kuilinganisha nacho.

Huenda pakatokea swali kuhusu nafasi ya albamu ya namna hii katika jarida la uhakiki wa fasihi. Tangu James Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipoandika waraka wao katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1968, wakitaka fasihi simulizi ipewe nafasi yake stahiki katika mtaala, imekuwa vigumu kudai kwamba wimbo si matini mpaka uchapishwe kitabuni. Uimbaji upya unazua maswali yale yale ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi huyakabili kila siku: matini ya asili ni ipi, fanani ana uhuru kiasi gani, na nani anastahili kuitwa mwenye wimbo.

Upeo wa Matarajio

Hans Robert Jauss, katika mhadhara alioutoa Konstanz mwaka wa 1967, alipendekeza kwamba historia ya fasihi iandikwe kwa kuzingatia wapokeaji wa kazi pamoja na watunzi wake. Kwa maoni yake, msomaji huikabili kazi mpya akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali, na umbali uliopo kati ya upeo huo na kazi yenyewe ndio unaotuwezesha kueleza mshangao, furaha au hasira ya wapokeaji. Nadharia hii inafaa sana katika kuelewa mapokezi ya Raising Sand.

Upeo wa matarajio ulikuwa umejengwa na historia za waimbaji wenyewe. Plant alijulikana kwa sauti kali iliyopaa juu ya magitaa na ngoma, na katika kundi lake la zamani alizoea kuimba akiwa kiongozi pekee. Krauss alijulikana kwa sauti nyembamba na safi, na alikuwa amelelewa katika utamaduni ambamo sauti ya pili huifuata ya kwanza kwa nidhamu kali. Wawili hao walikuwa wamekutana jukwaani mwaka wa 2004 mjini Cleveland, katika tamasha la kumkumbuka Lead Belly. Hata hivyo, kwa wasikilizaji wengi majina yao kuwekwa pamoja kwenye jalada moja lilikuwa jambo la ajabu. Palikuwa na matarajio kwamba mmoja angemfunika mwenzake.

Kilichosikika kilikuwa kinyume. Plant aliishusha sauti yake mpaka ikakaribia mnong'ono, na Krauss akapata nafasi ya kuimba kwa uzito ambao haukuzoeleka katika kazi zake za awali. Ngoma za Jay Bellerose zilikuwa za chini na nzito, gitaa la Marc Ribot lilikuwa na mikwaruzo, na mahadhi yalikwenda polepole. Umbali kati ya matarajio na kazi ulikuwa mkubwa, nao ukazaa sifa. Uhakiki mwingi wa mwaka wa 2007 na 2008 ulirejelea mambo mawili: uwiano wa sauti na utulivu wa anga iliyojengwa na mtayarishaji. Albamu iliingia katika nafasi ya pili kwenye orodha za mauzo za Marekani na Uingereza. Mwaka wa 2008 iliteuliwa kuwania tuzo ya Mercury huko Uingereza. Tarehe 8 Februari 2009 ikanyakua tuzo tano za Grammy, zikiwemo ya Albamu ya Mwaka na ya Rekodi ya Mwaka.

Tukio jingine liliuelekeza upokezi huo kwenye wasifu wa waimbaji. Tarehe 10 Desemba 2007, majuma saba tu baada ya albamu kutoka, Led Zeppelin walikutana tena kwa onyesho moja katika ukumbi wa O2 jijini London. Mashabiki walitarajia ziara ya dunia nzima. Badala yake, mwaka wa 2008 Plant alizunguka na Krauss. Kuanzia hapo ikawa vigumu kuizungumzia albamu bila kuuzungumzia uamuzi huo. Kila wimbo ukasomwa kama jibu la Plant kwa historia yake, ilhali nyimbo zenyewe zilikuwa zimetungwa na watu ambao hawakuwa na habari na historia hiyo.

Hawakukosekana waliopinga. Wapo walioiona albamu kuwa laini mno, kazi ya watu wenye ladha nzuri wasiotaka kujihatarisha. Ushindi wa mwaka wa 2009 dhidi ya albamu za Radiohead, Lil Wayne, Coldplay na Ne-Yo uliwapa hoja zaidi, kwani ulionekana kuthibitisha kwamba wapigakura wa tuzo hizo huegemea kazi zinazotazama nyuma. Pingamizi hili lina uzito, lakini nalo linashiriki kasoro ile ile ya sifa. Linahukumu anga ya albamu bila kuufungua wimbo hata mmoja. Ili kujua kama albamu ilijihatarisha au la, hapana budi kuzilinganisha nyimbo zake na matoleo yaliyozitangulia.

Kile Kilichobadilika Katika Nyimbo

Mfano wa kwanza ni Through the Morning, Through the Night. Wimbo huu ni wa Gene Clark, mmoja wa waasisi wa kundi la The Byrds, ambalo mwaka wa 1965 lilikuwa miongoni mwa makundi yaliyoipa umbo roki yenye misingi ya nyimbo za jadi. Clark aliurekodi mwaka wa 1969 pamoja na Doug Dillard, na albamu yao ikachukua jina la wimbo huo. Msemaji wa wimbo ni mwanamume anayeteseka kwa kujua kwamba mpenzi wake yumo mikononi mwa mwanamume mwingine, na ndani ya mateso yake mna kivuli cha vitisho. Katika Raising Sand wimbo unaongozwa na Krauss, wala haubadilishi maneno ili yaafiki jinsia yake. Huu ni mwenendo wa zamani katika nyimbo za jadi za Uingereza na Appalachia, ambamo mwimbaji huibeba hadithi bila kudai kuwa ni yake. Athari yake ni kubwa. Sauti ya kike inapoyatamka maneno ya mwanamume mwenye wivu, vitisho vinapungua nguvu na kinachobaki ni huzuni isiyo na mwenyewe. Msikilizaji hawezi tena kuwa na hakika ni nani anayeomboleza.

Mfano wa pili ni Fortune Teller. Wimbo huu ulitungwa na Allen Toussaint wa New Orleans, aliyetumia jina la Naomi Neville, na ukaimbwa kwanza na Benny Spellman mwaka wa 1962. Ni kichekesho chenye ploti kamili: kijana anamwendea mpiga ramli, anaambiwa kwamba atapenda, anarudi kulalamika kuwa hakuna kilichotokea, kisha anagundua kwamba anayempenda ni mpiga ramli mwenyewe. Toleo la Spellman lina wepesi unaokifanya kichekesho kiende mbio hadi mwisho wake. Plant na Krauss wanaupunguza mwendo, na mwishoni sauti ya Krauss inaelea bila maneno. Kwa kufanya hivyo wanaligeuza tukio kuwa la uchawi. Mpiga ramli, ambaye katika toleo la kwanza hana sauti yake, hapa ni kama anasikika. Waliosema kwamba mahadhi ya polepole ni mazoea tu ya mtayarishaji hawakuusikiliza wimbo huu kwa makini.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba si kila badiliko lina faida. Nothin' ni wa Townes Van Zandt, aliyefariki tarehe 1 Januari 1997, na ulitokea katika albamu yake ya mwaka wa 1971, Delta Momma Blues. Kwa Van Zandt, wimbo unabebwa na sauti moja na gitaa, na ukavu huo ni sehemu ya maana yake: mtu aliyekwisha kujinyima kila kitu hana haja ya mapambo. Katika Raising Sand magitaa yananguruma, kisha yananyamaza na kurudi, huku fidla ya Krauss ikilia juu yake. Ni tafsiri yenye nguvu, na ndiyo inayoukumbusha zaidi muziki wa zamani wa Plant. Hata hivyo inalijaza pengo ambalo mtunzi aliliacha kwa makusudi. Pale ambapo Van Zandt alionyesha utupu, toleo hili linaonyesha dhoruba. Mhakiki anaweza kuipenda dhoruba hiyo, lakini ni wajibu wake kueleza kilichopotea.

Kinyume chake ni Trampled Rose, wimbo wa Tom Waits na Kathleen Brennan uliotoka mwaka wa 2004. Waits anauimba kwa sauti ya kukwaruza, kana kwamba unatoka kwa mtu aliyelala njiani. Krauss anauimba peke yake kwa sauti ya juu na safi. Ukatili uliokuwa katika sauti ya mwimbaji sasa unahamia katika vyombo, na sauti inabaki kuwa shahidi. Hapa kubadilishwa kwa kinywa kumeufunua uzuri wa utungo ambao katika toleo la kwanza ulifichwa na mkwaruzo wa mwimbaji.

Mifano hii minne inatosha kuonyesha kwamba uimbaji upya ni aina ya uhakiki. Plant, Krauss na Burnett waliteua, wakapanga, wakafasiri na pengine wakakosea, kama afanyavyo mhakiki yeyote mbele ya matini.

Suala la Asili na Nakala

Uhakiki mwingi wa nyimbo zilizoimbwa upya hujengwa juu ya dhana kwamba kuna asili moja na nakala zake, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuamua kama nakala imefikia hadhi ya asili. Wanafunzi wa fasihi simulizi wana sababu ya kuitilia shaka dhana hii. Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka wa 1960 kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alisisitiza kwamba katika mapokeo simulizi kila utendaji ni wimbo kamili kwa haki yake, na kwamba kuitafuta asili ni kuulazimishia wimbo mantiki ya kitabu.

Raising Sand inaitikisa dhana ya asili hata ndani ya ulimwengu wa rekodi, ambamo tarehe hujulikana. Please Read the Letter, wimbo ulioshinda tuzo ya Rekodi ya Mwaka, ulitungwa na Plant, Jimmy Page, Charlie Jones na Michael Lee, na ulitoka kwanza mwaka wa 1998 katika albamu ya Page na Plant iitwayo Walking into Clarksdale. Wakati huo haukuvutia watu wengi. Miaka tisa baadaye mtunzi wake aliurudia polepole, pamoja na sauti ya pili, ukasikika kana kwamba ni mpya. Je, huyu ni mtu anayejinakili, au ni mtunzi aliyeufikia wimbo wake kwa mara ya kwanza?

Mfano mwingine unashangaza zaidi. Sister Rosetta Goes Before Us ni wimbo wa Sam Phillips, mwanamke mtunzi ambaye jina lake lisichanganywe na la yule mwanamume mwenye studio ya Memphis. Unamrejelea Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa nyimbo za injili na mpiga gitaa wa umeme aliyefariki mwaka wa 1973. Toleo la Krauss lilitoka mwaka wa 2007, na toleo la mtunzi mwenyewe likatoka katika albamu yake ya mwaka wa 2008. Kwa mpangilio wa tarehe, nakala imeitangulia asili.

Ushairi wa Kiswahili una istilahi inayoweza kusaidia hapa. Katika takhmisi, mshairi wa baadaye huchukua mishororo ya mtangulizi wake na kuiongezea mitatu ya kwake hadi ubeti uwe wa mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni mfano unaojulikana. Hakuna mhakiki anayeuliza kama takhmisi ni nakala ya utungo wa awali. Anachouliza ni kama nyongeza imeshikamana na shina lake, kwa vina, kwa mizani na kwa fikra, na kama mtangulizi bado anasikika ndani yake. Vigezo hivyo viwili, mshikamano wa nyongeza na kusikika kwa mtangulizi, vinaufaa uimbaji upya kuliko kigezo cha asili na nakala. Kwa vigezo hivyo Trampled Rose imefaulu, na Nothin' ina nyongeza imara ambayo ndani yake mtangulizi hasikiki vizuri.

Jina la Mtunzi

Suala la kusikika kwa mtangulizi linaelekea kwenye suala la jina. Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi mwaka wa 1967, na tangazo hilo limewafaa wahakiki wengi. Lakini katika historia ya muziki wa Marekani kuna watunzi ambao majina yao yalifutwa kabla ya nadharia yoyote, na wengi wao walikuwa watu weusi. Kwa watunzi wa aina hiyo, kudai kwamba jina halina maana ni kuihalalisha dhuluma.

Historia ya Led Zeppelin yenyewe ni ushahidi. Whole Lotta Love ya mwaka wa 1969 ilitumia maneno ya wimbo wa Willie Dixon uliorekodiwa na Muddy Waters mwaka wa 1962, na jina la Dixon halikutajwa. Dixon alifungua kesi mwaka wa 1985, shauri likamalizwa kwa maafikiano mwaka wa 1987, na baadaye jina lake likaongezwa. Raising Sand inasimama upande mwingine wa historia hiyo, kwa kuwa kila wimbo una jina la mtunzi wake. Dorothy LaBostrie na McKinley Millet wanatajwa kwa Rich Woman, Roly Salley kwa Killing the Blues, Doc Watson na mkewe Rosa Lee kwa Your Long Journey. Hapa ndipo mahali ambapo wasifu wa Plant ungeweza kuangaza jambo la maana, na ndipo ulipotumiwa kwa uchache.

Hata hivyo jina kuandikwa jaladani si sawa na jina kusikika. Kwa kanuni za Grammy za mwaka wa 2009, tuzo ya Albamu ya Mwaka ilikwenda kwa waimbaji, mtayarishaji na mafundi wa sauti. Watunzi hawakuwamo. Gene Clark, mwenye nyimbo mbili katika albamu hiyo, alikuwa amefariki mwaka wa 1991. Uhakiki ungeweza kuliziba pengo hilo, lakini sehemu kubwa yake ulifuata mpangilio ule ule wa tuzo, ukaanza na majina mawili makubwa na kumalizia na la mtayarishaji.

Albamu ya pili ya wawili hao, Raise the Roof, ilitoka tarehe 19 Novemba 2021. Kama Jauss angalivyotabiri, Raising Sand yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa upeo wa matarajio, na albamu mpya ikapimwa kwa kuulizwa kama imeifikia ile ya kwanza. Ndani yake mna Last Kind Words Blues, wimbo uliorekodiwa na Geeshie Wiley huko Grafton, Wisconsin, mwaka wa 1930. Rekodi zake ni chache mno, na maisha yake hayajulikani ila kwa vipande. Kuulizia tu kama Plant na Krauss wameuimba vizuri wimbo huo ni kumpoteza Wiley kwa mara nyingine.

Hitimisho

Upokezi wa Raising Sand haukukosea uliposifu sauti zake. Uwiano wa Plant na Krauss ni jambo la kweli. Kasoro yake ni kwamba ulisimama hapo. Albamu ya uimbaji upya inadai mhakiki asikilize mara mbili, mara ya kwanza mwimbaji aliyepo na mara ya pili yule aliyemtangulia, kisha aeleze kilichoongezwa na kilichopotea njiani. Mwenye kufanya hivyo ataona kwamba Fortune Teller ya mwaka wa 2007 ilijihatarisha zaidi ya walivyokiri wapinzani wake, na kwamba Nothin' ilipoteza zaidi ya walivyokiri washabiki wake. Ataona pia kwamba miongoni mwa waliostahili kuhakikiwa alikuwamo Gene Clark, ambaye nyimbo zake mbili zilikuwa pale na ambaye alikuwa amekufa miaka kumi na sita kabla albamu haijatoka.